Kamera iligeuka yenyewe: nani aliiamuru?



Mwaka 2018 tulikuwa katika ukumbi wa parokia moja ya Kivu ya Kaskazini, kwenye kikao cha familia zilizokuwa zimehama na familia zilizobaki kijijini. Neno lilikuwa mashamba: nani alilima wapi kabla ya vita, na nani analima pale sasa. Wazee wa pande mbili walikubali kikao kichukuliwe kwa video, ili baadaye mtu asiseme "mimi sikusema hivyo". Tulifunga kamera ndogo juu ya ukuta karibu na dirisha, na mwenzetu mmoja akakaa nyuma ya meza akiigeuza kwa telekomande yenye waya.

Mchana jenereta ilizimika kwa kukosa mafuta. Dakika kumi baadaye ikawaka tena. Na kamera, bila mtu yeyote kuigusa, iligeuka mpaka mwisho wa kushoto, ikarudi mpaka mwisho wa kulia, ikainua kichwa, ikainamisha, kisha ikatulia ikitazama katikati. Mama mmoja alijifunika uso kwa kitenge. Vijana wawili walitoka nje. Neno likapita kwenye viti kwamba kuna mtu mbali anayetutafuta, na kwamba amekwisha kutuona wote. Kikao kilivunjika, na ilituchukua wiki tatu kukirudisha.

Hakukuwa na mtu mbali. Kamera za namna ile, zikipata umeme, hujipima kwanza. Kichwa chake hugeuzwa na mota ndogo zinazohesabu hatua. Umeme ukikatika hesabu hupotea, basi kamera hugeuka mpaka inapogota kila upande ili ijue tena ilipo, halafu inarudi katikati. Ni kama mtu aliyeamka usiku katika nyumba asiyoizoea, anayepapasa kuta kabla ya kutembea. Lakini hayo sisi hatukuwa tumeyaeleza kwa mtu yeyote, na kosa lilikuwa letu.

Tangu siku ile tumeulizwa maswali yaleyale mahali pengi: nani anaigeuza? Anaweza kukaa mbali kiasi gani? Taa ikizimika, bado inaona? Tunajaribu kuyajibu hapa, kwa sababu shefu au mwakilishi wa kambi anayeombwa ruhusa ya kufunga kamera anapaswa kujua anaruhusu kitu gani.

Kwa nini kamera isiyo na mpiga picha?

Sababu ya kwanza ni njema. Mtu akisimama na kamera kubwa begani mbele ya mama anayeeleza namna alivyofukuzwa shambani, mama hunyamaza, au husema na kamera badala ya kusema na wenzake. Kamera ndogo ya ukutani haimsumbui. Tena fundi mmoja, akiwa pembeni, anaweza kuongoza kamera tatu au nne.

Lakini faida hiyo hiyo ndiyo hatari yake. Kamera isiyosumbua ni kamera inayosahaulika. Kamera moja ya Sony iliyoenea sana miaka ya 2000, aina ya EVI-D70, huweza kuvuta picha mara 18. Ukiwa kwenye benchi la mwisho la kanisa, wewe unaona kitu kidogo mbele ukutani, na yeye anaona machozi yako.

Kamera inaambiwaje la kufanya?

Walio na umri wanaikumbuka foni, ile redio ya kuita ya misheni na ya hospitali. Aliyeita hakuanza na habari. Alianza na jina la kituo anachokiita, akasema neno lake kwa kifupi, akafunga kwa neno la kumaliza ili wa upande wa pili ajue zamu yake imefika. Aliyepokea alijibu "nimekupata". Bila utaratibu huo watu wote wangesema pamoja na hakuna ambaye angesikia.

Kamera zina utaratibu wa namna hiyo, na mafundi huuita itifaki. Itifaki iliyoenea kuliko nyingine katika kamera za mikutano inaitwa VISCA, nayo ilitungwa na kampuni ya Sony. Amri zake ni namba tupu. Ukitaka kamera ya kwanza ivute picha karibu, telekomande hutuma hivi:

81 01 04 07 02 FF

Ile 81 ndiyo kuita: "wewe kamera namba 1". Kamera ya pili huitwa 82, na hivyo mpaka 87, maana kwenye waya mmoja wa VISCA hukaa kamera saba tu. 01 inasema kwamba hii ni amri. Kama ingekuwa swali, pangeandikwa 09. Halafu 04 na 07 zinataja sehemu inayoamriwa, yaani lenzi ya kuvutia picha, na 02 inasema "karibu". Mwisho ni FF, nayo ni sawa na lile neno la kumaliza la foni. (Herufi zimeingia kati ya namba kwa sababu hesabu hii huenda kwa 16, si kwa 10, baada ya 9 huja A mpaka F.) Kwa mwendo wa kawaida wa waya huo, alama 9600 kwa sekunde, amri nzima hufika kabla hujapepesa jicho.

Kamera nayo hujibu. Ikituma 90 41 FF, imesema "nimepokea". Ikituma 90 51 FF, imesema "nimekwisha kufanya". Ikipewa amri isiyoijua, hujibu kwa 90 60 02 FF, yaani "sielewi". Tunapenda jambo hili katika VISCA: inatofautisha kupokea na kutenda. Viongozi wengi tunaowaandikia barua wangefaa kuiga.

Itifaki nyingine, ambayo hukutwa zaidi kwenye kamera za ulinzi za maghala, benki na mageti, ni Pelco-D, yenye jina la kampuni ya Marekani iliyoitunga. Kila amri yake ina namba saba, wala si zaidi. Hii hapa inaiambia kamera ya kwanza igeuke kulia: FF 01 00 02 20 00 23. Namba ya mwisho ni jumla ya zile tano zilizo katikati. Kamera hujumlisha yenyewe, na ikiona hesabu hailingani, huitupa amri, kama mtunza fedha wa likelemba anayekataa kufunga daftari mpaka makaratasi yakubaliane na noti. Lakini kwa kawaida kamera za Pelco-D hazijibu. Anayeamuru hutangaza kama redio, na hujua kwamba amesikiwa kwa kutazama picha tu.

Kamera za mkononi, zile tulizozunguka nazo kambini miaka mingi, zilikuwa na njia yao fupi iitwayo LANC, yenye tundu dogo la waya pembeni. Ilitosha kuanzisha kurekodi, kuvuta picha na kuirekebisha. Haikugeuza kichwa cha kamera, kwa kuwa kilichogeuza kamera hizo ni mkono wa mtu.

Jambo moja zaidi, maana limewahi kuleta maneno. Amri ya kugeuka haisemi "geuka kidogo". Inasema "anza kugeuka", na kamera huendelea mpaka iletewe amri ya pili ya kusimama au ifike mwisho wake. Ile ya kusimama ikipotea njiani, kamera itampita msemaji na kwenda kumtazama mtu asiyehusika. Mara nyingi anayeona kamera imemgeukia ghafula hakuchaguliwa na yeyote. Ni amri moja iliyokosa kufika.

Anayeamuru yuko mbali kiasi gani?

Zamani jibu lilikuwa rahisi: fuata waya. Waya wa kawaida wa VISCA, ule wa RS-232, haukutakiwa kupita kama mita 15. Ule wa RS-422, na RS-485 unaotumiwa na Pelco-D, hufika mita 1200 hivi. Kwa hiyo mzee mwenye mashaka aliweza kuinuka, akaufuata waya kwa macho, akapita mlango wa nyuma, na akamkuta mtu aliyeketi na telekomande. Mtu huyo alikuwa na jina na aliweza kuulizwa.

Leo kamera nyingi huchomekwa kwenye mtandao. Amri ni zilezile, 81 na ndugu zake, ila zimewekwa ndani ya bahasha. Juu ya bahasha huandikwa namba ya zamu ili kujua kama iliyotangulia imepotea. Njia inayotumiwa hutuma bila kungoja risiti, na mlango wa kamera unaozipokea ni ule wa namba 52381. Kama kamera iko kwenye mtandao uliofungwa ndani ya jengo, mambo yanabaki karibu na yale ya waya. Kama mtandao huo umeunganishwa na intaneti bila ulinzi, anayeamuru anaweza kuwa chumba cha pili au bara la pili, na kamera haioni tofauti.

Maana hapa ndipo penye uzito: VISCA haina neno la siri, na Pelco-D vilevile. Zilitungwa wakati wa waya mfupi, ambapo mlinzi wa kamera alikuwa ni mlango wa chumba. Kamera ikiitwa kwa namba yake, hutii. Haiulizi "wewe ni nani?" Ulinzi wote lazima utoke nje ya itifaki: mtandao uwe wa peke yake, milango isiyotumika ifungwe, na anayeingia kwenye ukurasa wa kamera atoe neno la siri ambalo si lile la kiwandani. Kuna utaratibu mpya zaidi, ONVIF, ulioanzishwa mwaka 2008 na kampuni za Axis, Bosch na Sony, nao una nafasi ya jina na neno la siri. Lakini neno la siri lisilobadilishwa ni kufuli yenye ufunguo mlangoni. Mwaka 2016 programu mbaya iliyoitwa Mirai iliteka kamera na vifaa vingi sana duniani kwa kujaribu tu yale maneno ya siri ya kiwandani ambayo wenye vifaa hawakuyabadilisha, na mwezi Oktoba wa mwaka huo ikazuia watu kufikia kurasa kubwa za intaneti.

Taa nyekundu inasema nini?

Watu wengi hutegemea taa. "Ikiwaka inachukua, ikizimika imeacha." Tungependa iwe hivyo. Ukweli ni kwamba katika VISCA taa ya mbele ina amri yake ya peke yake, tofauti kabisa na ile ya kuwasha kamera au ya kugeuza kichwa. Katika studio taa hiyo humwambia msemaji kwamba picha ya kamera hii ndiyo inayotumwa wakati huu. Kamera nyingine zenye taa zilizozimika zinaona pia, na huenda zinarekodiwa. Kwa hiyo taa ni heshima ambayo fundi anakupa. Haikupi hakikisho.

Hata kamera "iliyolazwa" bado inasikia waya wake, maana amri ya kuiamsha lazima iipate. Ukitaka kuwa na uhakika, kuna njia mbili zisizotaka elimu: kuchomoa waya wa umeme, au kufunika lenzi kwa kitambaa. Wazee wa kikao kimoja waliomba kofia ya mwenyekiti iwekwe juu ya kamera wakati wa mashauriano ya faragha, na hatukuona ubaya wowote.

Uso usionekane

Mahali ambapo mambo haya yamekuwa na uzito mkubwa kwa watu wetu ni mahakamani. Ndugu wa Ituri wanakumbuka kesi ya Thomas Lubanga, iliyofunguliwa huko The Hague tarehe 26 Januari 2009, na ambayo hukumu yake ilisomwa tarehe 14 Machi 2012. Wengi waliofuata kesi hiyo kwenye skrini walishangaa: mara uso wa shahidi umevurugwa na sauti imebadilishwa, mara hakuna picha wala sauti kabisa. Wengine walisema mahakama inaficha uongo.

Sheria ya mahakama hiyo inawataka majaji kulinda usalama na heshima ya mashahidi. Wanaweza kuamuru shahidi aitwe kwa namba, uso na sauti vigeuzwe, au kikao kiwe cha faragha, yaani picha na sauti zisitoke nje. Zaidi ya hayo, picha za vikao vya wazi zilicheleweshwa dakika 30 kabla ya kutolewa, ili jina likiponyoka kinywani mwa mtu, liondolewe kabla halijafika Bunia. Shahidi anaweza pia kusema kutoka mbali kwa video, mradi wote wamwone na kumwuliza maswali. Kazi ya chumba cha picha katika mahakama kama hiyo ni nzito: kidole kimoja kikikosea, kamera inaonyesha benchi lisilotakiwa kuonekana.

Ulinzi huo hautoshi kila mara. Shahidi wa kwanza wa kesi ile, kijana, alianza kusema tarehe 28 Januari 2009, na siku hiyohiyo akakana maneno yake. Uso wake ulifichwa kwa umma, lakini alikuwa katika chumba kimoja na mtu aliyemshitaki. Baadaye alirudi, baada ya ukumbi kupangwa ili asimwone mshitakiwa. Kamera ingeweza kumficha mbele ya dunia nzima, si mbele ya macho aliyoyaogopa.

Sisi si mahakama na hatuna vyombo vyake, lakini kambini tulijifunza kitu kidogo kinacholingana na hayo. Kuna mashirika ambayo huchukua uso wazi kisha huufunika kwa kompyuta. Kanda ya kwanza hubaki mahali fulani, na kinachobaki huweza kuibwa. Ni afadhali uso usiingie kabisa ndani ya kamera: mtu aketi dirisha likiwa nyuma yake aonekane kivuli tu, au kamera itazame mikono yake. Wengine hupoteza makusudi ukali wa picha. Hapa fundi awe macho. Kamera nyingi hurekebisha ukali zenyewe, na fundi asipotuma kwanza amri ya kuzuia hilo (katika VISCA ni 81 01 04 38 03 FF), basi mama akiinama kuchukua mtoto, kamera hujirekebisha, na kwa sekunde mbili uso wake unakuwa wazi kama kwenye kadi ya kura. Ilitutokea. Tulifuta kanda ile mbele yake.

Jihadharini pia na nafasi zilizokumbukwa. Kamera hizi hukumbuka sehemu walizoonyeshwa, sita kwa ile EVI-D70, na nyingine nyingi zaidi. Fundi huhifadhi "mwenyekiti" kwenye namba 1, "benchi la akina mama" kwenye namba 2, kisha kwa kubonyeza mara moja kamera hurudi pale. Kikao cha jana kikiisha, nafasi hazifutiki. Ikiwa leo mmekubaliana kwamba benchi la akina mama lisichukuliwe, lakini namba 2 bado inalikumbuka, kidole kilichozoea kitalionyesha. Mwombeni fundi aandike nafasi mpya juu ya zile za zamani kabla watu hawajaingia.

Kikao cha pili

Baada ya wiki zile tatu tulirudi kwenye ukumbi wa parokia. Safari hii hatukuanza na mashamba. Tuliweka kamera mezani, chini, karibu na watu, tukaomba mlinzi wa jenereta akate umeme na kuurudisha. Kamera ikafanya ngoma yake: kushoto, kulia, juu, chini, katikati. Watoto waliokuwa dirishani walicheka. Tukarudia mara ya pili.

Kisha tuliunganisha televisheni ndogo na kuiweka ikitazama watu, kila mtu aone kile ambacho kamera inaona. Tungelifanya hivyo tangu mwanzo. Inashinda maelezo yote tuliyoyaandika hapa. Mzee mmoja wa upande wa waliobaki aliomba telekomande. Aliigeuza kamera kwa mwenyekiti, kwa padri, kisha kwa mzee wa familia zilizohama, akavuta picha karibu mpaka ndevu zikajaa kioo. Yule naye akadai zamu yake. Walikubaliana kwamba telekomande ikae mezani katikati yao, na kwamba kila upande uwe na mtu wa kuketi karibu na fundi.

Mama wa kitenge alikuwepo. Zamu yake ilipofika alisema kamera igeuzwe ukutani, na ikageuzwa. Katika video ile, kwa dakika kumi na moja, unaona ukuta wa chokaa na msumari, na unasikia sauti ya mwanamke akitaja, mpaka kwa mpaka, miti iliyopandwa na baba wa mume wake.